Je, Wajua? Nyeupe na Kijivu cha Mkaa Ndani ya Nyumba ya Goma

Je, wajua kwamba ukuta mweupe hurudisha chumbani asilimia 80 hivi ya mwanga unaoupiga, ilhali ukuta wa kijivu kilichokolea, rangi ya mkaa, hurudisha takriban asilimia 10 tu? Mwanga unaobaki humezwa na ukuta na kugeuka joto.

Mjini Goma, jambo hili si urembo tu. Mji umekaa juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, volkano ambayo Januari 2002 lava yake ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Mawe hayohayo huchongwa yakawa kuta. Chumba cha mawe kisichopigwa lipu huwa na giza hata mchana, na usiku umeme ukikatika, balbu ndogo ya sola huhangaika. Ukipaka nyeupe, mwanga wa balbu ileile hufika pembeni.

Weupe huo hutokana na titani dioksidi, unga uliochukua nafasi ya madini ya risasi yenye sumu katika rangi za karne ya 20.

Adui wa nyeupe ni vumbi jeusi la lava, linaloingia na viatu na upepo wa kiangazi. Kijivu hulificha. Kwa hiyo mimi nachagua zote mbili: chini, hadi usawa wa kiuno, rangi ya mafuta ya kijivu inayopanguswa kwa kitambaa kibichi; juu, na darini pia, nyeupe ya maji.