Herufi, Mkunjo na Alama: Namna Waraka wa RNA Unavyosomwa

Maneno mawili yametawala maelezo ya elimu ya viumbe tangu katikati ya karne ya 20, nayo yote mawili yameazimwa kutoka katika kazi yetu sisi watu wa lugha: unukuzi na tafsiri. Husemwa kwamba habari za urithi zilizowekwa katika DNA hunukuliwa kuwa RNA, kisha RNA hutafsiriwa kuwa protini. Kiswahili hakina taabu ya kuyapokea maneno haya, kwa kuwa mambo yenyewe twayajua tangu zamani. Lakini neno lililoazimwa halina budi kupimwa kwa kitu linachokitaja. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba mnukuzi na mfasiri hawatoshi kuieleza kazi ya RNA. Waraka huo una mambo matatu, yaani herufi, mkunjo na alama. Na istilahi zetu zikiyasahau mawili ya mwisho, mwanafunzi atakuwa amefundishwa nusu ya jambo, na raia atakuwa ameachwa katika hofu isiyo na sababu.

Tuanze na herufi. Katika seli za mwili wetu, DNA ni mfano wa kitabu kisichoruhusiwa kutoka maktabani. Fungu lake moja, liitwalo jeni, linapohitajiwa, nakala yake hufanywa kwa RNA, na nakala ndiyo itokayo nje ya kiini kwenda kusomwa. Nakala hiyo nitaiita RNA tarishi, kwa kuwa kazi yake ni kuchukua ujumbe. Ilitambuliwa mwaka 1961. Ina herufi 4, ambazo ni A, U, G na C, na ribosomu, ule mtambo mdogo wa kutengenezea protini, huzisoma tatu tatu. Herufi 4 zikipangwa hivyo hutoa mafungu 64. Mafungu 61 hutaja asidi amino 20 ambazo ndizo matofali ya protini, na 3 yaliyobaki huamuru kukoma. Mwaka huohuo wa 1961, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitengeneza RNA yenye herufi U tupu, wakapata mnyororo wa asidi amino moja tu, fenilalanini. Hivyo neno la kwanza la kamusi hiyo, UUU, likajulikana; na ilipofika mwaka 1966 kamusi ilikuwa imekamilika.

Hapo ndipo neno tafsiri lilipopata nguvu, kwa kuwa kila fungu lina maana yake kama kidahizo katika kamusi. Walakini kamusi haituelezi kwa nini tarishi mmoja husomwa mara nyingi na mwingine mara chache, wala kwa nini ujumbe mmoja hutoa protini ndefu katika kiungo hiki na fupi katika kiungo kile.

Mwanachuoni wa Kiswahili hatalishangaa jambo hili. Katika hati zetu za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kasra ilisimama badala ya i na e, na dhamma badala ya u na o. Kwa hiyo choma na chuma yaliweza kuandikwa sawasawa, na kadhalika pita na peta. Mwandishi alipoziacha irabu kabisa, taabu ilizidi. Herufi zilikuwapo karatasini, lakini usomaji haukukaa katika herufi peke yake. Hali ya RNA si hiyohiyo, maana ribosomu haina akili ya kukisia. Lakini funzo ni moja, nalo ni kwamba kuziorodhesha herufi za waraka si kuueleza usomaji wake.

Jambo la pili ni mkunjo. DNA ina nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, bali RNA kwa kawaida ni uzi mmoja. Kwa kuwa A hupenda kushikana na U, na G hupenda kushikana na C, uzi huo hujirudia na kujishika wenyewe, ukafanya umbo kama la pini ya nywele. Ribosomu haiwezi kusoma palipofungwa mpaka pafunguliwe. Mwaka 1986 Marilyn Kozak alionyesha kwamba mkunjo wenye nguvu uliowekwa karibu na mwanzo wa ujumbe huzuia utengenezaji wa protini. Seli nazo huutumia mkunjo kama kufuli. Mfano mzuri ulielezwa mwaka 2002 katika bakteria aitwaye Listeria monocytogenes, ambaye huishi katika udongo na huingia mwilini kwa chakula. Protini iitwayo PrfA huamsha silaha zake za kushambulia mwili. RNA ya protini hiyo, ikiwa katika baridi ya nyuzi 30 za Selsiasi au chini yake, hujikunja na kuficha mahali pa kuanzia kusoma. Ikifika nyuzi 37, ambazo ndizo joto la mwili wa binadamu, mkunjo hulegea, ribosomu ikaingia, na protini ikatengenezwa kwa wingi. Hakuna herufi hata moja iliyobadilika. Barua imefunguliwa, basi.

Jambo la tatu ni alama. Tangu mwaka 1951 ilijulikana kwamba RNA ina kitu zaidi ya zile herufi 4, kwani mwaka huo ilipatikana sudoyuridini, ambayo ni U iliyoungwa kwa namna nyingine. Leo namna zaidi ya 150 za alama hizi zinajulikana. Hutiwa na vimeng'enya baada ya RNA kunukuliwa, kama vile mtu atiavyo irabu juu na chini ya maandishi yaliyokwisha kuandikwa. Mwaka 1965 Robert Holley na wenzake walitangaza mpango wa herufi zote za RNA moja ya hamira, katika zile zinazobeba asidi amino kuzipeleka kwenye ribosomu, ambazo nitaziita RNA hamali. Ndani yake mlikuwa na alama kadhaa, na mojawapo, inosini, imekaa pale pale hamali anapoutambua ujumbe. Kwa sababu yake hamali mmoja aweza kuyatambua mafungu matatu: GCU, GCC na GCA.

RNA tarishi nayo hutiwa alama. Mwaka 1974 iligunduliwa kwamba baadhi ya herufi A zake hubeba kipande kidogo cha methili. Alama hii huweza kuufupisha uhai wa tarishi, na uhai ukifupishwa protini hupungua. Mwaka 2011 ilionekana kwamba kimo kimeng'enya kiwezacho kuifuta. Basi alama hizi hutiwa na kufutwa, na kwa njia hiyo kiasi cha protini huongozwa bila kugusa jeni.

Yafaa tuzitenge alama na uhariri. Ipo protini kubwa inayochukua mafuta katika damu, ambayo jeni yake ni moja katika ini na katika utumbo. Ini hutengeneza protini yenye asidi amino 4,536, bali utumbo hutengeneza yenye 2,152 tu. Sababu ilielezwa mwaka 1987. Katika utumbo, kimeng'enya huigeuza herufi moja ya RNA, C ikawa U, na fungu CAA, lililotaja asidi amino iitwayo glutamini, likawa UAA, yaani koma. Hapa herufi imegeuzwa ikawa herufi nyingine ya alfabeti ileile, na maana imegeuka. Nakiri kwamba mpaka baina ya mambo haya mawili si ukuta: inosini hutokana na A, na inapotokea katika RNA tarishi husomwa kama G, hata ikaitwa alama na wengine na uhariri na wengine. Lakini mpaka wenye mlango ni mpaka vilevile.

Sasa twaweza kulitazama jambo la istilahi. Mwandishi mwenye haraka ataviita vitendo vyote hivi mabadiliko ya RNA. Neno hilo tumekwisha kulitumia kwa jambo jingine kabisa, yaani mageuzi ya herufi za DNA, ambayo huweza kurithiwa. Mwenye kusikia mabadiliko atafahamu urithi.

Madhara ya mchanganyiko huu si ya vitabuni tu. Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha kwamba RNA iliyotengenezwa katika maabara huamsha ulinzi wa mwili kama adui, lakini ikitiwa alama kama sudoyuridini, fujo hiyo hupungua sana. Mwaka 2008 walionyesha kwamba RNA yenye alama hiyo hutoa protini nyingi zaidi. Chanjo za Pfizer-BioNTech na Moderna za UVIKO-19, zilizoanza kuidhinishwa mwishoni mwa mwaka 2020, zilitumia alama iliyo ndugu yake, na wanazuoni hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Wakati huohuo ulienea uvumi katika nchi nyingi kwamba chanjo hizo hubadilisha jeni za mtu. RNA ya chanjo husomwa nje ya kiini cha seli, kisha huvunjwavunjwa. Haiandiki kitu katika DNA. Lakini mwalimu au mwandishi wa gazeti aliyesema kwamba chanjo ina RNA iliyobadilishwa alisema kweli kwa maneno yaliyousaidia uongo. Angalisema RNA iliyotiwa alama, angalieleweka.

Wala tusidhani kwamba alama ni pambo. Mwezi Desemba 2023 watafiti wa Cambridge walieleza kwamba alama hiyo ya chanjo huweza kuifanya ribosomu iteleze hatua ya herufi moja katika sehemu fulani za ujumbe, ikatoa kiasi kidogo cha protini isiyokusudiwa. Hawakuona kwamba jambo hilo limewadhuru watu, na walionyesha kuwa mteleza hupungua mafungu ya sehemu hizo yakibadilishwa kwa mengine yenye maana ileile. Hata hapa, herufi na alama hufanya kazi pamoja.

Kwa hiyo napendekeza haya. Unukuzi na tafsiri yabaki mahali pake. Umbo la RNA liitwe mkunjo, na vitenzi vyake viwe kukunja na kukunjua. Kuongeza kitu juu ya herufi kuitwe kutia alama. Kugeuza herufi moja kuwa nyingine kuitwe kuhariri. Neno mabadiliko liachiwe DNA. Maneno haya si mageni wala si magumu. Mtoto wa shule aliyekwisha kuikunja barua, kuitia alama za uandishi na kulisahihisha neno ndani yake, anayajua yote manne. Ni juu yetu kumwonyesha kila moja ni la kitu gani.