Mshauri Asiye na Amri

Mshauri wa kijeshi ana cheo na silaha, ila wanaomzunguka si askari wake. Wana maofisa wao na lugha yao, na ushauri wake wana haki ya kuukataa. Kwa hiyo ushujaa wa mtu wa namna hii haupimwi vizuri kwa kuhesabu maadui aliowaua. Swali lenye uzito ni kwa nini watu asio na mamlaka juu yao walimsikiliza risasi zikirindima, na kwa nini naye hakuwaacha.

Kanali James Coffman wa jeshi la Marekani alikuwa mshauri mkuu wa brigedi ya kwanza ya makomando wa polisi wa Iraki. Novemba 2004, wakati vita vikubwa vikipiganwa Fallujah, waasi waligeukia Mosul, mji mkubwa wa kaskazini unaopitiwa na mto Tigrisi. Vituo vya polisi vilivamiwa kimoja baada ya kingine, na polisi wengi wakavikimbia. Tarehe 14 mwezi huo Coffman alifuatana na makomando waliokwenda kukiokoa kituo kilichozingirwa. Kabla hawajafika, walishambuliwa kutoka pande kadhaa kwa maroketi, mota na bunduki za rashasha, na hapo ndipo ubaya wa vita vya mjini ulipo: ukuta anaojikinga nao askari ndio huohuo unaomficha adui. Katika mashambulizi ya mwanzo tu, maofisa wote wa makomando isipokuwa mmoja waliuawa au kujeruhiwa vibaya. Kwa mujibu wa maelezo ya nishani aliyotunukiwa baadaye, Coffman alimwendea komando mmoja mmoja, akamtazama machoni na kumwonyesha kwa ishara za mikono la kufanya. Risasi ikauvunja mkono wake wa kufyatulia na kuiharibu bunduki yake. Akaufunga bandeji, akaokota AK-47 za walioanguka na kuzifyatua kwa mkono wa pili. Magazini zilipokwisha, alibaki na risasi za kutia moja moja, kazi ngumu hata kwa mwenye mikono miwili.

Ipo hoja kwamba mtu aliyezingirwa hupigana kwa kukosa pa kwenda, na hilo si ushujaa bali ni kuhangaikia roho. Kwa saa za mwanzo, hoja hii ina nguvu. Hata mwoga akibanwa ukutani hupigana. Lakini baada ya saa nne hivi kikosi cha pili cha makomando kiliwasili, na mlango wa kutoka ukafunguka. Majeruhi mwenye mkono uliovunjika asingelaumiwa na yeyote kwa kuondoka. Coffman alikataa, akasimamia kuondolewa kwa majeruhi wa Kiiraki, kisha akaongoza kikundi kidogo hadi kwenye kile kituo cha polisi. Alikubali kupelekwa kupasuliwa pale tu wenzake walipokwisha kutolewa. Kwangu mimi, muda huo wa mwisho una ushahidi mzito kuliko saa nne zilizotangulia.

Hoja nzito zaidi inawahusu makomando wenyewe. Vikosi hivyo vya Wizara ya Mambo ya Ndani vilikuja kulaumiwa vikali kwa utesaji na mauaji ya kimadhehebu, na wanaouliza Wamarekani walikuwa wanajenga chombo cha namna gani wana haki ya kuuliza. Ujasiri wa siku moja hauwezi kulijibu swali hilo, wala haupaswi kutumiwa kulizima. Hata hivyo, waliolala chini Mosul siku ile walikuwa polisi waliokwenda kuwaokoa polisi wenzao, na kuwahukumu kwa yaliyofanywa baadaye na wengine si haki.

Mwezi Agosti 2005 Coffman alitunukiwa Distinguished Service Cross, nishani ya pili kwa ukubwa ya ushujaa vitani katika jeshi la Marekani. Makomando 12 walikufa na 42 walijeruhiwa katika mapambano hayo ya saa tano na nusu. Yule ofisa wao mmoja aliyebaki mzima, ambaye ndiye hasa aliyekuwa na amri pale, alisaidiana na Coffman kuwagawia risasi waliokuwa bado wanaweza kupigana. Maelezo ya nishani yanamtaja, ila jina lake hayakulitoa.