Ramani ya Zamani Huonyesha Tana Ilikopita

Ramani za kipimo cha 1:50,000 zilizochorwa na Idara ya Upimaji ya Kenya kutokana na picha za angani bado zinawafaa wakulima wa bonde la chini la Mto Tana, mradi zisomwe kwa makini.

Kwa kipimo hicho, sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Buluu ni maji. Mistari ya kahawia huunganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Ikisongamana, hapo pana mteremko mkali. Kati ya Garsen na Kipini mistari hiyo ni michache mno kwa kuwa ardhi ni tambarare. Haitoshi kumjulisha mkulima wa mpunga au ndizi iwapo shamba lake litafurika.

Kinachosaidia zaidi ni alama za mikondo iliyoachwa na mto na maziwa yaliyopinda kama mundu. Tana huhama. Katika karne ya 19 mto ulianza kufuata mfereji wa Belazoni, uliochimbwa na watu, hadi Mto Ozi, ndiyo sababu leo unaingia baharini Kipini. Mafuriko makubwa, kama yale ya El Niño ya 1997, hurudi kwenye mikondo ya zamani. Anayepanga kujenga nyumba au ghala aiangalie kwanza.

Ramani hizo pia huonyesha njia za miguu zinazoelekea mtoni. Wazee wa wakulima na wafugaji wanapojadili malka, yaani njia za mifugo kufikia maji, hizo ni pa kuanzia mazungumzo.

Hata hivyo, kuna tahadhari mbili. Kwanza, ramani hizo zilifuata mfumo wa Arc 1960, ilhali simu hutumia WGS 84. Namba zilezile zaweza kupotoka kwa takriban mita 300. Kando ya mto, hilo ni shamba la jirani. Namba zibadilishwe kwanza na mpimaji.

Pili, ramani hii si hati ya kumiliki ardhi. Mzozo wa mpaka wa shamba lililosajiliwa hupelekwa kwa Msajili wa Ardhi, kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012.

Nakala huuzwa katika makao makuu ya idara hiyo, Ruaraka, Nairobi.