Je, Wajua Feni ya Rejeta Haijiamulii?

Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, joto la gesi hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta hayo haifiki kwenye magurudumu wala haitoki kwa ekzosi. Inaishia kwenye maji yanayozunguka injini, na rejeta ndiyo yenye kazi ya kuitupa nje.

Gari likiwa mbioni, upepo wa safari unatosha kuipoza rejeta. Likikwama kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana, upepo hakuna, na mzigo wote unaiangukia feni. Hapo ndipo feni isiyofanya kazi hujulikana: mshale wa joto hupanda gari likisimama, kisha hushuka likishika mwendo. Gari linalotulia kwenye foleni lakini linachemsha likikimbia kuelekea Chalinze lina ugonjwa mwingine, pengine rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka.

Zamani feni ilizungushwa na mkanda wa injini, na Land Cruiser nyingi bado zina mtindo huo. Injini ikizunguka, feni nayo inazunguka, basi. Mambo yalibadilika injini zilipoanza kukaa kwa upana wa gari, maana mkanda ulikosa njia nyepesi ya kuifikia rejeta iliyoko mbele. Fiat 128 ya mwaka 1969, iliyosanifiwa chini ya mhandisi Mwitaliano Dante Giacosa, ilikuwa na injini ya upana na feni ya umeme. Leo mpangilio huo umo kwenye karibu kila gari dogo unalolipita barabarani, iwe Vitz, IST au Demio.

Faida yake ni kwamba feni hufanya kazi pale tu inapohitajika. Gharama yake ni kwamba feni haijiamulii tena. Sensa hupima joto, kompyuta au swichi hutoa amri, rilei huunganisha njia, fyuzi hulinda, waya hubeba, mota huzunguka, na ethi hurudisha umeme kwenye betri. Kiungo kimoja kikikatika, feni husimama, na kwa anayetazama kutoka nje ya boneti inaonekana imekufa. Ndiyo maana feni nyingi nzima hutolewa, mpya ikafungwa, na mpya nayo isizunguke.

Anza na jaribio lisilohitaji kifaa. Washa injini, kisha washa AC. Kwenye magari mengi feni ya rejeta inapaswa kuzunguka muda mfupi baadaye, hata kama injini bado ni ya baridi. Ikizunguka, umejua kwa mpigo mmoja kwamba mota inafanya kazi na njia ya umeme haijakatika. Hitilafu itafutwe upande wa sensa. Hakikisha tu kwamba uliyoiona ni feni ya rejeta yenyewe, kwa sababu magari mengi yana mbili. Kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi la Toyota utaona maandishi RDI, yaani ya rejeta, na CDS, yaani ya kondensa ya AC.

Feni hizo mbili zina siri yao. Kwenye Toyota kadhaa, zinapohitajika kuzunguka polepole, umeme hupita feni ya kwanza ndipo uingie ya pili, kila moja ikipata karibu nusu ya volti. Joto likizidi, rilei hubadilisha njia na kila feni hupata volti zake zote. Kwa hiyo mota moja ikifa, zote mbili husimama kwenye mwendo wa polepole, halafu ile nzima huibuka peke yake joto linapopanda sana. Asiyejua mpangilio huo anaweza kuhangaika na kompyuta siku nzima, kumbe tatizo ni mota ya upande wa pili.

Sensa nayo ina mitego yake. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, Corolla zikiwemo, kuna swichi ya joto ambayo huunganisha njia ya umeme maji yakiwa ya baridi na kuikata yakifika kama nyuzi 93. Ukichomoa soketi yake huku funguo imewashwa, feni inapaswa kuzunguka mara moja. Watengenezaji walikusudia hivyo: waya wa swichi ukikatika barabarani, feni iwake isizime. Kwenye Volkswagen nyingi za zama hizo mambo ni kinyume. Swichi huunganisha njia joto likipanda, kwa hiyo kuchomoa soketi hakuamshi chochote. Inabidi kuunganisha matundu ya soketi kwa kipande cha waya. Kitendo kilekile kwenye gari moja ni kipimo, kwenye jingine hakisemi lolote.

Magari ya baadaye yana sensa ambayo ukinzani wake hupungua kadiri maji yanavyopata joto. Kwenye Toyota nyingi, kwenye nyuzi 20 husoma kati ya omu 2,000 na 3,000; kwenye nyuzi 80 hushuka hadi omu 200 hivi mpaka 400. Waya wake ukikatika, kompyuta hudhani injini iko kwenye baridi kali isiyowezekana, hushtuka, huwasha taa ya injini kwenye dashibodi na kuweka msimbo wa hitilafu P0118. Kompyuta nyingi pia huiachia feni izunguke muda wote kwa tahadhari. Basi feni isiyozima ni ujumbe, na mara nyingi unahusu sensa.

Amri ikishatoka, hufika kwenye rilei. Humo mna koili inayotumia sehemu ndogo tu ya ampea moja ili kuunganisha njia inayoweza kupitisha ampea 30. Weka kidole juu yake: ikipokea amri, utasikia na kuhisi "tak". Usipoisikia, rudi nyuma kwenye amri. Ukiisikia na feni haizunguki, endelea mbele, ukikumbuka kwamba rilei inaweza kulia huku vidole vyake vya ndani vimeungua. Mafundi hupenda kuibadilisha na rilei ya honi. Linganisha namba kwanza, kwa sababu rilei zinazofanana umbo huenda zinafanya kazi kinyume ndani.

Sasa tufike mahali ambapo wengi hudanganyika. Fundi anachomoa soketi ya feni, anachomeka multimita, anasoma volti 12, anatangaza mota imekufa. Multimita ya kidijitali ina ukinzani wa takriban omu milioni 10, kwa hiyo karibu haivuti umeme wowote. Waya uliooza ukabakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utaionyesha volti 12. Feni inavuta ampea 10 hadi 20, na uzi ule hauwezi kuzipitisha.

Piga hesabu. Ampea 15 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.2, volti 3 hupotea hapo hapo, na wati 45 za joto huzalishwa ndani ya soketi ndogo ya plastiki. Ndiyo maana soketi za feni hubadilika rangi kuwa kahawia, hulainika, kisha huyeyuka. Omu 0.2 ni ndogo mno kwa multimita za kawaida kuipima kwa uhakika, lakini volti 3 zilizopotea haziwezi kujificha.

Kipimo cha kweli basi hufanywa soketi ikiwa imechomekwa na feni imeamriwa kuzunguka. Weka ncha moja ya multimita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya chanya wa feni, ukiuchokonoa kwa nyuma ya soketi. Kinachosomeka ni volti zilizopotea njiani. Zikizidi nusu volti, kuna sehemu iliyooza au kulegea. Rudia upande wa pili, kati ya waya wa ethi wa feni na hasi ya betri. Upande huu ndio husahaulika, na kwenye magari ya pwani, ambako chumvi ya bahari hula chuma, boliti ya ethi yenye kutu ni mtuhumiwa wa mapema.

Mota yenyewe hufa kwa njia chache. Kaboni zake huisha, na dalili yake ni feni inayoamka ukiigonga kidogo. Beringi hukwama, na mota iliyokwama huvuta umeme mwingi hadi fyuzi ikakatika. Fyuzi ya ampea 30 inayokatika kila mara isibadilishwe kwa kubwa zaidi, maana kitakachofuata kuungua ni waya. Chomoa betri, zungusha pangaboi kwa mkono. Likiwa zito, umepata jibu. Usiingize mkono humo betri ikiwa imeunganishwa, kwani feni nyingi zinaweza kuwaka hata injini ikiwa imezimwa.

Kuna pia kosa linalofanana na la umeme lakini si la umeme. Thamostati ikikwama imejifunga, maji ya moto hayafiki kwenye rejeta. Ikiwa swichi ya feni imefungwa chini ya rejeta, itabaki kwenye maji ya baridi huku injini ikichemka. Hewa ikinaswa pale ilipo sensa huleta udanganyifu uleule.

Njia ya mkato ya gereji nyingi ni kuifunga feni moja kwa moja kwenye funguo. Feni huzunguka muda wote, injini huweza kuchelewa kufika joto lake, matumizi ya mafuta huweza kuongezeka, mota huchakaa mapema, na swichi ya funguo, isiyotengenezwa kwa mzigo huo, hupata moto. Waya uliooza bado umo mle mle.

Kabla ya kulipia feni mpya, mwombe fundi akuonyeshe namba mbili, soketi ikiwa imechomekwa na amri imetolewa: volti zinazoifikia feni, na volti kati ya ethi ya feni na hasi ya betri. Ya kwanza ikikaribia volti za betri, ya pili ikikaribia sifuri, na feni bado imesimama, mota imekufa kweli. Nenda kanunue.