Bima ya Hamburg: Nani Aliyelipwa?

Aghalabu mwananchi asikiapo neno bima huwaza ofisi, fomu za kutia sahihi, na karani anayetafuta sababu ya kutolipa. Neno lenyewe tulilipata kwa wafanyabiashara wa Bara Hindi, na tangu hapo tumelihesabu kuwa ni jambo la matajiri. Historia ya Hamburg, bandari kuu ya Ujerumani, yatuonyesha asili nyingine. Nao mji huo si mgeni visiwani: kampuni ya O'Swald ya huko ilianza biashara Unguja mwaka 1849, na mwaka 1859 miji ya Hansa, Hamburg ikiwamo, ilifunga mkataba na Sultani wa Zanzibar.

Mwishoni mwa karne ya 16 matajiri wa Hamburg walijifunza kwa wageni kutoka Uholanzi namna ya kukatia bima merikebu na shehena. Baharia je? Yeye akitekwa na maharamia wa Afrika Kaskazini alitiwa utumwani, na jamaa zake hawakuwa na uwezo wa kumkomboa. Mwaka 1622 manahodha na wasaidizi wao walijiundia mfuko wao wenyewe. Mabaharia wa kawaida walingoja hadi 1624, mji ulipoanzisha ule ulioitwa Mfuko wa Watumwa, kila mmoja akikatwa kitu katika ujira wake. Fedha mara nyingi hazikutosha, ikabidi michango ikusanywe makanisani. Na tusifumbe macho: mji huohuo ulitajirika kwa kusafisha sukari iliyolimwa na watumwa Waafrika, ambao hapakuwa na mfuko wa kuwakomboa.

Upande wa moto, mwanzo ulikuwa ushirika hasa. Mwaka 1591 watengenezaji wa bia wapatao mia moja waliahidiana kwa maandishi kwamba mmoja wao akiunguliwa, wote watachanga ili ajenge upya. Mapatano ya namna hiyo yakaongezeka, hata mwaka 1676 baraza la mji likayaunganisha kuwa mfuko mmoja wa umma, Hamburger Feuerkasse. Wale wasemao kuwa bima ya dola ni uzushi wa wajamaa na waikumbuke tarehe hiyo. Shirika la Bima la Zanzibar lilizaliwa mwaka 1969, karibu miaka 300 baadaye.

Mtihani mkubwa ulifika usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 1842. Moto ulizuka katika mtaa wa Deichstrasse, ukawaka hadi tarehe 8. Watu 51 walifariki, wapatao 20,000 wakakosa makazi, na sehemu kubwa ya mji wa kale ikawa majivu. Hapana mfuko ambao ungeweza kubeba hasara hiyo kwa akiba yake. Serikali ya mji ikakopa, wenye majengo wakalipwa, na deni likalipwa kwa miaka mingi. Kishindo hicho ndicho kilichowasukuma wafanyabiashara wa Cologne, mwaka 1846, kuanzisha kampuni ya kuzikatia bima kampuni za bima zenyewe.

Lakini mfuko ule ulidhamini majengo tu. Mpangaji aliyepoteza kitanda, nguo na zana za kazi yake, kama hakuwa na bima nyingine, hakuwa na haki ya kudai hata senti. Alitegemea sadaka, nazo zilikuja kwa wingi kutoka nchi za mbali. Mwenye nyumba alikuwa na hati. Mpangaji alinyoosha mkono.

Ukiritimba wa Feuerkasse katika bima ya majengo uliondolewa mwaka 1994. Kabla ya hapo, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1962, bahari iliyochafuka iliupandisha mto Elbe ukavunja kingo, na watu 315 wakafa mjini humo. Wengi wao walikuwa wakazi wa Wilhelmsburg, mtaa wa wafanyakazi uliozungukwa na maji, na baadhi yao walikuwa wakiishi katika vibanda vya bustanini tangu mabomu ya vita yalipobomoa nyumba zao. Bima ya moto haikuwahusu. Maofisa wetu, ambao mamlaka yao yamezungukwa na bahari pande zote, watwambie: mvuvi wa hapa ambaye maji yameingia hadi kizingitini mwake ana hati gani mkononi?