Kwa pikipiki hadi Leh (Sehemu ya Pili): Mshika mkia wa msafara

Juma lililopita tuliiacha Bullet ikiwa imehama Redditch, Uingereza, na kuwa pikipiki ya Madras, India. Leo tuifunge mizigo tuipandishe Himalaya, hadi Leh.

Katika kijiji cha Tandi, pale mito Chandra na Bhaga inapokutana, kuna kituo cha mafuta ambacho msafara wa kwenda Leh haukipiti bila kusimama. Kwa miaka mingi ubao wa hapo umewatahadharisha wasafiri kwamba kituo kinachofuata kiko kilomita 365 mbele. Tangi la Bullet linachukua takriban lita 13. Ukipiga hesabu ya kilomita 30 kwa lita, unapata 390, na kwa hesabu hiyo unafika. Lakini mlimani, kwa gia ya kwanza na ya pili, na mizigo nyuma, unaishia njiani. Ndiyo maana pikipiki zinaondoka Tandi na madumu yamefungwa ubavuni, na kiongozi wa msafara anapanga safari kwa kuangalia tangi lililo dogo kuliko yote. Mwenye tangi kubwa hapa hana cha kujivunia. Mafuta yake yatagawanywa tu.

Barabara yenyewe, kutoka Manali hadi Leh, ni kama kilomita 430 tangu lilipofunguliwa handaki la Atal, Oktoba 2020. Handaki hilo lina urefu wa kilomita 9.02 na linawaepusha wasafiri na kipito cha Rohtang, chenye mita 3,978. Wapo wapanda pikipiki wanaolikwepa handaki makusudi na kupanda Rohtang, nami siwalaumu. Mtu hakununua Bullet ili aendeshe gizani.

Sasa tuutazame msafara ukitembea. Mbele yupo kiongozi, anayeijua njia. Nyuma kabisa yupo dereva ambaye hatakiwi kumpita yeyote, hata aliye mbele yake akienda mwendo wa baiskeli. Kwetu kwenye soka, mshika mkia ni jina la kuzomewa. Huku nafasi hiyo hupewa mzoefu, pengine aliye hodari kumzidi kiongozi, kwa sababu kila litakaloharibika litamkuta yeye. Katikati, kila mmoja anamchunga kwenye kioo aliye nyuma yake, si aliye mbele. Asipomwona, anapunguza mwendo, na wa mbele yake naye anapunguza, hadi habari inamfikia kiongozi bila mtu kupiga simu. Misafara mikubwa hufuatwa pia na gari la fundi, lenye waya za klachi, plagi, spoki na mipira ya ndani.

Kinachowatoa watu kitandani alfajiri ni maji. Barabara inakatwa na vijito vya theluji iliyoyeyuka, ambavyo Wahindi huviita nala. Usiku baridi inazuia theluji isiyeyuke, kwa hiyo asubuhi kijito kinafika kifundoni tu. Jua likishapanda, theluji ya juu inaachia, na saa nane mchana kijito kile kile kinafika magotini, kimekuja na mawe ambayo asubuhi hayakuwapo. Mmoja anashuka, anaingia na viatu vyake, anapapasa chini kwa mguu akitafuta njia. Kisha wanavuka mmoja mmoja kwa gia ya kwanza, mafuta yakiwa yamekazwa, bila kuachia. Injini ikizimika katikati, maji yanaweza kupanda kwenye ekzosi. Wawili wanabaki majini, tayari kuishika pikipiki inayoyumba. Soksi hazikauki siku hiyo.

Halafu inakuja hewa. Kwenye kipito cha Tanglang La, mita 5,328, kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya ufukweni. Kabureta haina habari. Inaendelea kumimina petroli ileile iliyopimiwa tambarare, wakati hewa ya kuichoma haitoshi. Injini inakosa nguvu, moshi unatoka mweusi, plagi inashika masizi. Dereva wa bodaboda wa Mwanza au Kisumu, ambaye Boxer yake nayo ilibuniwa India, anaijua plagi ya namna hiyo akiiona tu. Tangu Aprili 2020, sheria za moshi za India zimezisukuma pikipiki mpya kwenye mifumo inayopima hewa na kurekebisha mafuta yenyewe.

Mwili wa binadamu haurekebishiki upesi hivyo. Manali iko kama mita 2,050. Mahema ya Sarchu yako karibu mita 4,300. Anayeunganisha moja kwa moja kwa siku moja hulala na kichwa kinachogonga na tumbo linalokataa chakula. Wenye busara hulala Keylong au Jispa, chini zaidi. Wapagazi wa Kilimanjaro wana neno lao kwa jambo hili, "pole pole", na ulinganisho si wa mbali: barabara ya Umling La, iliyotambuliwa mwaka 2021 kuwa ya juu kuliko zote duniani wakati huo, ilipimwa mita 5,798. Stella Point, huko Kilimanjaro, ina mita 5,756. Pikipiki imeshaipita Stella Point, na dereva bado amekaa kitako.

Barabara hizi hutengenezwa na Border Roads Organisation, shirika la serikali lililoundwa 1960 kwa ajili ya mipakani, ambalo mbao zake za njiani hupenda utani wa kumsuta mlevi na mwenye haraka. Malori nayo yameandikwa nyuma maneno ya kumwomba anayefuata apige honi. Huko honi si matusi, ni hodi.

Juu ya Leh kuna kipito cha Khardung La. Kwa miaka mingi ubao wake ulijigamba kwa futi 18,380, hadi vipimo vya setilaiti vilipoishusha kwenye mita 5,359, karibu futi 17,582. Picha bado inatafutwa palepale. Ila wasafiri hushauriwa wasikae juu zaidi ya dakika 20 hivi, na mshika mkia pengine bado yuko chini anaziba pancha. Kiongozi anayeijua kazi yake huwateremsha wenzake bila kungoja. Picha ya wote itapigwa upande wa pili, mbele ya kibanda cha chai, bila ubao.