Makosa ya utabiri wa mvua huweza kuanzia ukingoni mwa ramani

MAFURIKO ya Machi hadi Mei 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, yaliwakumbusha wananchi thamani ya onyo la mapema. Onyo kama hilo hutegemea tarakilishi zinazokokotoa mwendo wa hewa. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kwamba hesabu hizo huweza kuharibika kutokana na yale yaliyoandikwa ukingoni mwa ramani, mbali na mahali panapotabiriwa.

Tarakilishi hugawa anga katika visanduku vingi vidogo. Kasi ya upepo, halijoto na unyevu katika kila kisanduku hukokotolewa kwa kuangalia visanduku jirani. Tatizo huzuka kwenye kisanduku cha mwisho, ambacho upande wake mmoja hauna jirani. Hesabu haiwezi kuendelea hadi tarakilishi ielezwe kinachotokea huko nje. Maelezo hayo ndiyo yanayoitwa masharti ya mipakani.

Tatizo hili ni kongwe. Mwaka wa 1950, Jule Charney, Ragnar Fjørtoft na John von Neumann walitumia tarakilishi ya ENIAC nchini Marekani kutabiri hali ya anga kwa saa 24. Ramani yao ilikuwa na vituo 270 pekee. Kwa kuwa hawakuwa na njia ya kujua yatakayojiri nje ya ramani, walichukulia kwamba hali ukingoni haitabadilika muda huo wote. Lakini upepo haungoji hesabu ikamilike, na dhana hiyo ilifungulia makosa mlango.

Kwa Afrika Mashariki, mlango huo uko hasa upande wa bahari. Mabaharia wa pwani wamezijua pepo za kaskazi na kusi kwa karne nyingi, na sehemu kubwa ya unyevu unaoleta mvua hutoka Bahari Hindi. Mtaalamu akiweka ukingo wa ramani karibu na Mombasa, kisha aiambie tarakilishi kwamba upepo unaoingia ni mkavu kuliko ulivyo, mvua itapungua kwenye hesabu hadi maeneo ya bara. Kanuni za fizikia zilizomo ndani, hata ziwe sahihi namna gani, hazitamwokoa.

Njia inayotumiwa sana ni kuazima takwimu za ukingoni kutoka kwa hesabu za dunia nzima, kama zile za kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa. Dunia ni mviringo, kwa hivyo hesabu zake hazina ukingo wa pembeni. Takwimu hizo huingizwa kila baada ya saa chache, na ukingo wenyewe husogezwa mbali baharini. Hata hivyo, anayeazima hurithi pia kasoro za mwenye mali: hesabu ya dunia ikikosea, ya eneo dogo nayo hupotoka.

Aidha, kinachoingia lazima kipate pa kutokea. Ukingo usipotayarishwa vyema, mawimbi ya hewa hugonga hapo na kurudi ndani, mfano wa maji yanayotikiswa ndani ya karai. Mwaka wa 1976, mtaalamu H. C. Davies alieleza namna ya kuweka ukanda kandokando ya ramani ambapo hesabu za ndani hulinganishwa polepole na takwimu za nje, ili mawimbi hayo yafifie.

Mpaka mwingine uko chini, nao ni ardhi. Mwaka wa 1982, Joseph Kinuthia na G. C. Asnani walieleza kuhusu upepo mkali unaopita katika bonde la Turkana, kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Afrika Mashariki. Visanduku vikiwa vikubwa mno, milima hiyo husawazishwa kwenye ramani na upepo huo hupungua nguvu. Hilo si jambo dogo, kwani upepo huo ndio unaoendesha mitambo ya umeme ya megawati 310 katika eneo hilo.

Hatari kuu ni kwamba tarakilishi haikatai kazi. Hata ikilishwa mipaka mibovu, aghalabu huchora ramani yenye rangi za kupendeza. Jaribio mojawapo ni kusogeza ukingo mbali zaidi na kurudia hesabu. Jibu la katikati likibadilika sana, basi jibu la awali lilitoka ukingoni.

Kwa mkulima anayengoja kupanda na familia inayoishi kando ya mto, tofauti hiyo ni kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na katika hesabu za mvua, ufa huo aghalabu huwa pembeni.